Pete ya Juu na Pete ya Chini

Sogeeni, wanangu, kaeni karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Na wewe kitindamimba, futa machozi, bado sijafa. Ukiyamaliza sasa, baadaye utalia na nini?

Nyumba hii ya nyuma ya stesheni ni ya dada yenu aliyeniuguza, asiulizwe na mtu. Bustani limeni pamoja. Hayo ni mepesi. Zito ni la baba yenu mdogo.

Ninyi mliiona reli hii ikiota majani, hadi mwaka huu walipoirudisha injini ya mvuke ili wageni waje kuishangaa. Sisi tulifanya kazi hapa ilipokuwa njia pekee ya kuingia milimani, mimi na pete, yeye na bendera. Reli ilikuwa moja, treni za kupanda na za kushuka humo humo, na kila kipande cha njia kilikuwa na pete yake ya chuma, pana kama ungo. Dereva asiyekuwa nayo hakuruhusiwa kuingia. Anayeshuka alinikabidhi pete ya juu, ya kipande alichotoka, nami nikampa ya chini, ya kipande anachoingia. Kazi ya mtoto, mtasema.

Asubuhi moja ukungu ulipasuka ghafla, vilele vyote vikawa wazi, na chini yake injini nyeusi ikateremka, mvuke wake umeshika jua, ardhi ikitetemeka hadi kwenye nyayo zangu. Miaka sita nilikuwa nikiitazama kila siku, lakini siku ile ndipo nilipoiona. Nikaduwaa, nikasema, ee Mungu, ni binadamu kweli aliyepitisha chuma huku juu? Dereva akanipa pete, akajaza maji, akanyoosha mkono, nami nikamrudishia pete ile ile ya juu, naye akaondoka bila kuitazama.

Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, umempa ipi?"

Nikageukia msumari wa pete ya chini. Mtupu. Pete hiyo ilikuwa kwa dereva mwingine, aliyekuwa akipanda na abiria wake.

Hakungoja jibu. Reli huuzunguka mlima mara mbili kabla ya kufika darajani, lakini njia ya miguu hushuka moja kwa moja kwenye mawe, na humo ndimo alimopita, nami nyuma yake nikianguka na kuinuka. Nilipofika nilikuta injini mbili zimesimama darajani uso kwa uso, zikihema, hatua kumi na moja kati yake, nilizihesabu, na katikati amesimama mdogo wangu, miguu inavuja damu, bendera nyekundu bado iko juu. Mlima wenyewe haujawahi kunitisha vile.

Wakubwa walipokuja kuuliza nani alikosea, wewe, kifunguamimba, ulikuwa na siku tisa. Baba yenu mdogo akakutazama mikononi mwa mama yako, akasema, "Ni mimi. Leo pete nilishika mimi." Nami nikanyamaza. Wakamfukuza kazi.

Hata hilo lingesameheka. Lakini mlipokua mkaniuliza mbona haji kwetu, niliwaambia ni mzembe, nusura aue watu, nanyi mkalishika neno hilo mkamtania nalo njiani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa watu wa reli wanataka kuandika jina langu kwenye kibao cha stesheni. Waambieni waandike lake. Langu lisiwepo hata kwa herufi ndogo.

Nipeni maji... Inatosha.

Msinizike kabla hajafika. Akikataa kuja, msimlaumu. Nizikeni kimya, pasiwe na wa kunisifu. Mungu awape mioyo mipana kuliko wangu, awalinde mpandapo na mshukapo, na msichoke kupendana.

Kifunguamimba, inuka. Anashona viatu mjini, kule bondeni. Usingoje nife... nenda sasa. Mwambie kaka yake amesema mwenyewe, mbele ya wanawe wote... mzembe nilikuwa mimi.