Sista Matrida, Aliyedai na Damu ya Waume

Muuguzi mkunga Matrida Wankyo anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na nne ya kazi, kwanza Musoma, kisha hapa kwetu Bunda. Nimepewa niandike mimi Machibya, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, niliyeishia darasa la nne. Waliosoma wameona haya. Mimi sina haya, na hakuna aliyemwendesha Sista kunizidi. Barabara ya Bugwema wakati wa masika wenzangu walikuwaga wanaikimbia. Mimi nilikuwaga naipita napiga mluzi.

Kazi yake ilikuwa presha ya wajawazito. Ile ya uso kuvimba, kichwa kinagonga, mama anaanza kurusha mikono, halafu mnasema karogwa. Karogwa na nani? Sista alikuwaga anakasirika mpaka kofia inakaa upande. Walipokuja watafiti wa vinasaba, yeye ndiye aliyewatoa wajawazito damu ya kupima. Alitueleza hivi: kuna vinasaba vinavyouamuru mwili uvimbe na upate joto unapopigana na ugonjwa. Havifanani kwa watu wote, na kwa wengine huenda vinachochea presha mimba ikiingia. Havimhukumu mtu, vinaongeza hatari tu. Na kondo la nyuma la mtoto lina urithi wa baba pia.

Basi akadai na damu ya waume. Lo! Wanaume wa kuangusha fahali wakakimbia sindano. Wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi, na wala sikufumba macho.

Sasa linaloniuma. Binti yangu Bhoke aliolewa Butiama, na Brian wa mzee Burito. Mimba ya kwanza akapata kifafa cha mimba, mtoto akafa. Burito akamrudisha kwangu na sanduku lake, eti ukoo wetu una damu mbaya. Ukoo wangu mimi! Nikashika fimbo. Sista akaniambia, "Mzee, fimbo iache hapo, chukua ufunguo wa gari."

Tulipofika, Burito hata kiti hakutupatia. "Sista, ugonjwa huo kwetu haupo."

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Haupo? Baba Brian, huyu Brian nilimzaaje? Si nilirusha mikono mpaka mkanifunga kanga? Mbona mimi hukunirudisha kwetu?"

Brian, mkwe wangu, hakungoja ruhusa ya baba yake. Alipanda gari letu kumfuata mke wake.

Leo Bhoke ana mimba nyingine. Presha yake inatakiwa kuangaliwa kila mara, na ofisi inamuaga Sista kwa saa ya ukutani na kreti ya soda, bila kuweka mtu kwenye kiti chake! Kliniki yake ya presha ya kila Alhamisi ataifungua nani? Hiyo saa ya ukutani ndiyo itampima mwanangu presha? Nimeuliza ofisini, wananiambia mzee tulia. Situlii.

Sista, asante. Wanawake wengi wanatembea mkoa huu wa Mara kwa mikono yako. Nenda kwako Makoko ukapumzike, ule sato wabichi, Mungu akupe miaka mirefu. Ila Alhamisi usifunge geti. Nakuja na Bhoke kwa pikapu yangu, na mama Brian atakaa mbele. Burito naye ameomba kuja. Nimemwambia nyuma kuna nafasi.