Imamu Saripada Bantuas, Aliyemwita Padri Ndugu Yake

Bismillahi. Jamaa, majirani, na ninyi mliovuka ziwa na mvua yote hii, karibuni. Marehemu tulimzika siku ile ile aliyofariki, kama dini inavyotaka, kwa hiyo wengi wenu hamkuwahi. Leo ni dua yake ya siku ya saba, na huku wali ukiendelea kuiva, wasifu wake unasomwa. Umeandikwa na binti wa dada yake kwa agizo lake mwenyewe, na aliagiza usipambwe. Aliyekuja kusikia sifa tupu atuwie radhi.

Imamu Saripada Bantuas alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa hapa Batoraya, kando ya Ziwa Lanao. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Hadji Mamintal Bantuas na marehemu Bae, yaani Bibi, Kalima. Tangu uchanga alikuwa na sauti. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu akilia, watu wa ng'ambo hufunga mizigo wakidhani boti imefika. Sauti hiyo ndiyo iliyompandisha mimbarini, na ndiyo iliyomponza.

Qur'ani aliisoma kwa babu yake, kisha akaingia shule ya serikali, na hakuna mwaka alioshindwa katika mashindano ya kuhutubia. Mwaka 1962 alikwenda Kairo kusoma dini, akarudi mwaka 1970 na sanduku la vitabu. Mchana aliorudi, Bae Kalima alimwandalia kuku wa nazi na bakuli zima la palapa, pilipili na tangawizi ya kwetu, ya kutosha kulisha arusi. Tonge la kwanza tu, machozi yakamtiririka.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Furaha, mama."

"Furaha gani hiyo inayotoa na makamasi? Kunywa maji, Mmisri wewe!"

Jina la Mmisri lilimganda mpaka uzeeni.

Tarehe 8 Mei 1971 alimwoa Bae Monaira, mfumaji ambaye vitambaa vyake wengi wenu mmevivaa leo. Mungu aliwajalia watoto wanne. Bae Monaira alimpenda sana mumewe, lakini hakumwogopa hata kidogo. Marehemu akianza kupaza sauti mezani, mkewe alimkatiza: "Nyumbani kwangu hakuna mimbari, baba Omar. Zungumza kama watu." Naye alikuwa akishusha sauti, akaendelea kula.

Mwaka 1975 alikabidhiwa uimamu wa msikiti wetu na madrasa yake. Miaka minne baadaye akaja Padri Joris Claes, Mbelgiji mrefu mwenye miguu kama korongo, kufundisha hesabu katika sekondari ya pale chini. Wazee walichemka. Marehemu akashuka mwenyewe kumkabili.

"Padri, umekuja kuwabatiza watoto wetu?"

"Nimekuja kuwafundisha kugawanya," alijibu yule mzungu, "na hata huko kugawanya kwenyewe wamenikatalia."

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Siku ile ile, mbele ya wazee, alimpa padri aman, yaani ahadi ya usalama ambayo Muislamu mmoja akimpa mgeni inawafunga Waislamu wote. Toka hapo hakuna Idi padri hakula kwake. Kimaranao chake, lugha yetu hii, kilikuwa balaa. Idi moja alikusudia kumwambia Bae Monaira kwamba chakula chake ni kitamu. Maneno yakapinduka, akasema mama mwenyewe ndiye mtamu. Wengine wakaanza kuangalia mapanga ukutani. Marehemu akasema, "Padri, hilo mimi nakubaliana nalo. Ila usilirudie." Watu wakapasuka kwa vicheko, na padri akawa mwekundu kama pilipili yenyewe.

Jumanne tarehe 13 Septemba 1994, Padri Joris alikamatwa njiani akitoka Marawi. Waliomkamata walikuwa vijana wenye bunduki wa Amerol Ditual, waliotaka serikali iwasikilize, wakaona mzungu atawafanya wasikilizwe. Wakampandisha mlimani.

Wasiotujua walidhani tumefurahi. Haki ya Mungu, mji huu ulifura! Wanafunzi wake waliandamana mpaka geti la kambi ya jeshi, wengine wakiwa watoto wa madrasa. Mama yake Amerol alipokwenda sokoni, wauza samaki walifunika beseni zao mbele ya macho yake. "Kwangu hupati kitu, dada," mmoja alimwambia. "Mwanao si mwindaji siku hizi? Na akuwindie kitoweo." Yule mama alirudi nyumbani na kikapu kitupu, akilia njia nzima.

Maulamaa wa pande zote za ziwa walikutana, na marehemu akiwemo. Walikubaliana wazungumze kwa sauti moja: padri yuko kwetu kwa aman, kumshika ni dhambi, na anayemwachia anamtii Mungu, anayemtii Mungu hajashindwa na mtu. Wakakubaliana jambo la pili, tena kwa kusisitiza, kwamba jina la ukoo wowote lisitajwe. Mnaelewa kwa nini. Sisi Bantuas na hao Ditual tuliwahi kuuana, na suluhu yetu ilikuwa bado mbichi. Ukishaingiza ukoo, umeingiza maratabat, heshima ile ambayo kwetu hapa mtu hukubali kufa kuliko kuonekana imemshuka.

Amerol alilipokea neno la maulamaa. Alimtuma mjomba wake aseme kwamba Ijumaa tarehe 23, baada ya swala, angemshusha padri na kumkabidhi msikitini kwa ajili ya Mungu.

Ijumaa hiyo msikiti ulifurika mpaka barabarani, na redio ya mji ilikuwa imeleta mitambo yake. Aliyepangiwa kuhutubu alikuwa marehemu. Aliwakuta wanafunzi wa padri wamekaa safu za mbele, macho yamewavimba. Alianza vizuri, akaieleza aman neno kwa neno. Kisha moyo ukamjaa. Sauti ile mnayoijua ikapanda.

"Mnasema mgeni, mgeni! Yule si mgeni! Yule ni ndugu yangu! Yule ni Bantuas! Aliyemshika yule ameishika Bantuas!"

Msikiti ulitikisika kwa takbira. Wanaume wazima walilia wakikumbatiana. Na tuseme ukweli, jamaa, tuliyapenda maneno yale. Sisi ndio tuliopiga takbira. Upande wa wanawake, Bae Monaira peke yake alijiziba mdomo kwa mkono, na walipokutana nje hakumpa hata salamu.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Nimemtetea!"

"Umemtia kwenye ukoo, baba Omar. Sasa watamrudishaje bila kuonekana wametupigia magoti?"

Marehemu alibaki amesimama pale, kofia mkononi. Watu walikuwa wanampongeza, yeye anaitazama barabara. Padri hakuletwa. Aliyekuja ni mjomba wa Amerol, naye hakukubali hata kuketi. Alisema, "Alipokuwa wa Mungu, tulikuwa tunamrudisha kwa Mungu. Kama ni wa Bantuas, basi Bantuas waje wamchukue."

Vijana wetu walikimbilia bunduki. Marehemu alilala kizingitini akawaambia wamkanyage kwanza, na hilo tunamshukuru, maana tungezika wengi. Lakini alipotaka kupanda mlimani peke yake akayafute maneno yake, wazee wetu walimzuia. "Imamu akienda kuomba, Bantuas imepiga magoti." Wakataka kwanza watu wa kati, kisha wakagombana nani awe mtu wa kati, kisha nani amtangulie nani. Naye aliwatii. Alizoea kusema baadaye kwamba ulimi wake ulikosea mara moja, lakini miguu yake ilikosea kila asubuhi aliyoamka akabaki nyumbani.

Padri Joris alikuwa mtu wa miaka sitini na minne, na huko juu kulikuwa na mvua na mbu. Malaria ilimkuta huko, dawa hazikumfikia. Alifariki mwanzoni mwa Novemba.

Habari zilipofika, marehemu hakuuliza mtu. Alipanda na mkewe tu, bila silaha. Bae Monaira ndiye aliyetusimulia yaliyosemwa huko, kwa sababu marehemu hakuweza kuyasimulia mpaka mwisho. Walimkuta Amerol amekaa kando ya maiti iliyofunikwa turubai. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, hajala.

"Nimekuja kuiomba maiti, mwanangu," marehemu alisema. "Si kwa ajili ya Bantuas. Kwa ajili ya Mungu."

Amerol akamjibu, "Imamu, si ungesema hivyo Ijumaa ile? Nilikuwa nimeshamrudishia viatu. Alikuwa amekaa kwenye gogo anafunga kamba, anatuuliza kama njia ina tope. Ndipo redio ikaleta sauti yako."

Bae Monaira anasema mumewe aliketi kwenye matope na kulia kwa sauti, na kwamba Amerol naye alilia, na hakuna aliyemshika mwenzake. Walimteremsha padri pamoja, mmoja mbele mmoja nyuma.

Marehemu hakupanda mimbari tena. Uimamu aliuacha mwezi ule ule, akabaki madrasa akifundisha watoto wadogo alifu na be. Sisi tulidhani yatamwisha. Hayakumwisha, na sababu moja ni sisi wenyewe. Hotuba ile ilikuwa imerekodiwa, kanda zake zikauzwa mpaka mji wa Iligan. Vijana waliichezea kwenye arusi. Mtu akimpita njiani alikuwa akimpigia kelele ya kujivuna, "Yule ni Bantuas!" Yeye alikuwa akigeuka akarudi ndani. Mgeni mmoja alimsifia uso kwa uso kwamba hajawahi kusikia hotuba nzuri kama ile. Marehemu akamjibu, "Ndiyo, ilikuwa nzuri mno. Ningekohoa katikati nikashindwa kuimaliza, mtu angekuwa hai." Mwenye kanda ile nyumbani, ukoo unamwomba aiharibu. Hilo nalo ni agizo lake.

Mwaka 2014 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu Iligan, akisindikizwa na Omar, akiwatania wauguzi mpaka wiki zake za mwisho. Alifariki nyumbani alfajiri ya Alhamisi tarehe 21 Aprili 2016, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe. Amerol Ditual, ambaye alitumikia kifungo chake na kukimaliza, aliomba ashike jembe kaburini, nasi tulimpa. Yuko hapa leo, amekaa karibu na mlango. Mmeshamwona, acheni kumkodolea macho.

Marehemu ameacha mjane, Bae Monaira. Watoto wanne, Omar, Sohaila, Aliasgar na Rasmia. Wajukuu kumi na mmoja. Dada mmoja, Bae Potri. Na wanafunzi wa madrasa wasio na idadi. Ndugu waliomtangulia mbele ya haki ni Hadji Usman na Bae Anisa.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini jina la Padri Joris halimo kwenye orodha hiyo ya ndugu. Hatukulisahau. Tulikuwa tumeliandika, na wiki moja kabla hajafariki tulimsomea orodha tukitegemea atafurahi. Aliinua mkono.

"Futeni," alisema. "Nilimwita ndugu mara moja, akafa. Mwandikeni mgeni. Mgeni angefika nyumbani."

Basi tunaandika: ametanguliwa pia na mgeni wake, Joris Claes, aliyekuwa kwetu kwa aman. Mwenyezi Mungu amsamehe imamu wetu, na amlaze mahali ambapo hakuna anayeulizwa ukoo wake.