Mshale Ulioganda Nusu

Sogeeni wanangu. Wewe kifungua mimba kaa huku kichwani, na wewe mwanangu wa mwisho acha kusimama mlangoni kama mgeni, vuta kiti ukae mkabala na kaka yako, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiiuze mmoja bila mwenzake kuridhia. Karakana na vifaa vyangu vya useremala ni vya kaka yako, kwa kuwa ndiye aliyelila vumbi lake miaka yote. Kabati la marehemu mama yenu na vyote vilivyomo ni vyako, binti yangu, na usingoje nifumbe macho ndipo ulichukue. Hayo yamekwisha. Lililobaki ni gari.

Najua hamtaki kulisikia. Tangu tumzike mama yenu, gari lile kuukuu nililolinunua nikiwa bado na nywele kichwani limekaa chini ya turubai, na tangu siku hiyo ninyi wawili hampeani hata salamu. Mkija kunijulia hali mnapishana. Mmoja akiingia, mwingine anakumbuka ana shughuli. Kila mmoja ananiletea chakula chake, nakila peke yangu, na hakishuki.

Binti yangu, siku ile mkimkimbiza mama yenu hospitali, ulikuwa kiti cha nyuma umempakata, mvua inanyesha, mimi nikiwa mbali kwenye kazi ya kuezeka. Ulikiona kituo cha mafuta, ukamwambia kaka yako asimame, naye akatazama geji akakujibu, "Tunayo nusu tanki, tusimcheleweshe mama." Kwenye mwinuko wa kiwanda cha matofali gari likakohoa, likazima. Akakimbia na dumu kwenye mvua, na aliporudi mama yenu alikuwa ameshakata roho mikononi mwako. Ukamwambia mbele ya waombolezaji kwamba alikuwa mvivu wa kukanyaga breki, na kwamba hiyo nusu tanki aliitunga. Yeye alisema mara moja tu kwamba mshale ulisimama nusu, kisha akanyamaza mpaka leo.

Miguu yangu ilipoanza kuvimba niliona nisiondoke bila kujua. Nikamwita fundi umeme wa magari, yule mnayemwita Shoti, tukalivua gari turubai, tukaweka betri. Alipofungua swichi mshale uliruka, ukashuka, ukaruka tena kama mtu mwenye kwikwi. Akashuku waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, akausugua kutu mpaka ukang'aa, na kwikwi ikaisha; mshale ukatulia nusu. Nikainama nikaligonga tanki, likalia tupu, maana mafuta yalishakauka zamani. Shoti akasema labda geji yenyewe imekufa. Akaleta nyingine kutoka kwake, akaifunga, nayo ikasema nusu. Hapo ndipo tulipofungua tanki tukakitoa kile chombo chenye boya, linalopanda na kushuka na mafuta. Bawaba yake imelika. Nililisukuma boya kwa kidole, likashuka, na mshale ukashuka nalo hadi chini. Nikaliinua, nikaliachia, likang'ang'ania palepale, nusu. Nikakaa chini nikalia, mzee mzima, na Shoti akajifanya anatafuta spana.

Chombo chenyewe hiki hapa, chini ya mto. Kishike, binti yangu. Inua. Achia. Umeona? Basi, usinitazame mimi, mtazame kaka yako.

Na wewe kifungua mimba, usimpe kisogo. Dada yako alikishika kichwa cha mama yake kikipoa, akatafuta pa kuutua mzigo ule, akakuona wewe. Kama mama yenu angepona lau mngefika hospitali, sijui. Nesi aliniambia moyo wake ulikuwa umechoka sana, lakini huenda alikuwa ananipoza tu. Jibu nisilokuwa nalo siwezi kuwarithisha.

Gari mpeni Shoti, analipenda, ila aape kwanza kwamba halitatembea kabla hajaweka chombo kipya tankini.

Nizikeni ubavuni kwa mama yenu, upande wa ukuta. Jeneza lisinunuliwe. Kaka atalipiga msumari, dada atashona kitambaa cha ndani, na mtafanya hivyo chumba kimoja, milango imefungwa, hata kama... ngojeni... nipeni maji. Hata kama hamtasemeshana neno.

Radhi zangu mnazo, nyote, sikumbagua mmoja. Mola awape uzee wenye watu pembeni yenu. Awape watoto... wanaoulizana.

Nawasikia mnalia, sijui yupi ni yupi, sauti zenu zimefanana tangu utotoni. Nifunikeni miguu, baridi imepanda. Kaeni. Asitoke mtu kwanza.