Anayetaka Kulowa

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na mgongo wake ni ukuta wa nyuma wa bwawa la kuogelea la halmashauri. Ukuta huo ni mweupe pale juu. Pale chini umeshika rangi ya mashati, kwa sababu watu walewale wanne wameuegemea kwa miaka kumi na moja. Asubuhi unawapa kivuli mpaka karibu na adhuhuri. Upande wa pili maji yanasikika yakichapwachapwa, na siku za likizo zinasikika kelele za watoto, lakini lango liko mtaa wa pili, na kijiwe hakijawahi kuwa na shughuli yoyote mtaa wa pili. Kahawa huja kwenye chupa ya Bi Risiti, karani mstaafu wa posta ambaye hajatupa risiti hata moja tangu aanze kulipia chochote. Sheria ya kijiwe ni moja tu: anayemiminiwa kikombe cha mwisho ndiye anayefunga hoja, na akishaifunga, imefungwa.

Jumanne hiyo Mzee Brashi aliwahi kuliko wote. Alikaa pembeni kabisa, akausukuma mfuko wa karatasi chini ya benchi kwa kisigino, kisha akakunjua gazeti ili aonekane hana hili wala lile. Ndani ya mfuko mlikuwa na taulo na kaptula. Kaptula hiyo alishonewa na mkewe kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya sebuleni, na ilikuwa na maua mekundu makubwa kiasi kwamba hata mwenyewe akiivaa hathubutu kutazama chini.

Miezi miwili nyuma daktari alimwambia kwamba nyonga yake haitaki vidonge tena, inataka kutembezwa ndani ya maji. Tangu hapo, kila Jumanne ikikaribia saa ya wazee, Brashi huwaaga wenzake kwamba anakwenda kwa fundi saa, akakata kona, akaingia bwawani. Saa yake ilikuwa nzima kabisa. Fimbo aliyokuwa akitembelea sasa imesimama nyuma ya mlango wa chumbani, na yeye anainama kufunga kamba za viatu bila kuomba msaada.

Kwa nini asiseme tu? Kwa sababu mwaka jana, nyonga ikiwa bado haijaanza vituko, ni yeye aliyetamka mbele ya wote kwamba mtu akitaka kulowa, alowe kwa mfuko wake. Kijiwe kilicheka siku tatu. Maneno yale yakamganda kama jina la utani, na mwenye maneno kama yale hawezi kuonekana na taulo.

— Hebu lisomeni tena hilo swali, alisema Kinyozi, ambaye hukaa upandeupande ili aone duka lake ng'ambo ya barabara. Kiti chake cha kunyolea kilikuwa kitupu.

— Swali jepesi, alisema Bi Risiti akimimina. Bwawa limechoka, mashine ya kuchuja maji inakohoa. Halmashauri inauliza nani agharamie. Wanaooga, kwa kiingilio kipya? Au wenye nyumba wote, kwa kuongezewa kodi ya majengo? Tarishi anapita saa tano kuchukua majibu ya kila mtaa.

— Kwani hapo kuna swali? alidakia Kinyozi. Mtu akitaka kulowa...

— ...alowe kwa mfuko wake, walimalizia wote, wakamgeukia Brashi.

Brashi alicheka pamoja nao, huku kisigino kikiusukuma mfuko ndani zaidi. Barua ya halmashauri ilikuwa kwake, kwa sababu barua zote za kijiwe huziandika yeye. Miaka arobaini alichora vibao vya maduka na mwandiko wake bado unawatetemesha watu wa ofisini. Hivyo ni yeye pekee aliyesoma ukurasa wa pili, palipoandikwa kwamba wakilipa waogaji, punguzo la wazee litaondolewa. Bila punguzo hilo yeye asingeingia tena. Alishajiona akiifuata fimbo nyuma ya mlango.

— Kitaalamu, alisema Injinia, ambaye ni fundi bomba lakini tangu awe na neno hilo hakuna anayemwita fundi bomba, maji yale hayajawahi kubadilishwa.

— Acha zako.

— Yanachujwa, yanarudi. Maji ya leo ndiyo yaleyale ya siku ya ufunguzi. Na siku ya ufunguzi aliyalipia nani? Marehemu baba, kwa kodi yake. Kwa hiyo mle ndani mna urithi wangu. Wanaooga mle wanaoga kwenye mirathi.

— Ndugu zako wanajua? aliuliza Kinyozi.

— Kikao cha ukoo bado hakijakaa.

— Mimi, alisema Bi Risiti, risiti zangu za kodi ya jengo zote ni kavu. Hakuna hata moja iliyowahi kugusa maji. Nimlipie mtu kujirusharusha kwa lipi?

— Mama, mbona taa ya barabarani unailipia, na saa mbili umeshalala? aliuliza Kinyozi.

— Taa inanilinda nikiwa nimelala. Bwawa linanilinda na nini?

Kinyozi alifikiri.

— Na moto. Nyumba ikiwaka, maji yako karibu.

— Mtaniletea kwa vikombe hivi?

Brashi alichungulia saa yake. Saa tatu na dakika ishirini. Akanywa kikombe chake kwa mkupuo, kikamuunguza ulimi, akanyoosha mkono aongezewe. Chupa ikiisha mapema, hoja itafungwa mapema, naye ataaga kama kawaida. Hoja yenyewe ingefungwaje, hilo hakutaka kulifikiria.

— Una kiu leo, alisema Bi Risiti.

— Joto.

— Basi tukubaliane waogaji walipe, alisema Kinyozi, ila walipe kwa haki. Mnene akiingia, maji yanapanda. Mwembamba akiingia, hata hayajui kama kuna mtu. Langoni iwekwe mizani, kila mtu alipie maji aliyoyapandisha.

— Na anayepiga mbizi?

— Huyo alipe mara mbili. Anatumia mpaka ya chini.

— Na anayekaa ukingoni akatumbukiza miguu tu?

— Nusu. Hata kwangu anayenyoa ndevu halipii kichwa.

— Sasa mnaingia kwenye eneo langu, alisema Injinia, akageuka na kuupigapiga ukuta kama anayetafuta bomba. Huu ukuta ni wa nani?

— Wa bwawa.

— Na kivuli hiki?

Akajijibu mwenyewe.

— Kivuli kinatoka ukutani, ukuta ni wa bwawa, na sisi tumekaa humu miaka kumi na moja. Kitaalamu, watumiaji wa bwawa ni sisi. Tena sugu. Muogaji anakaa saa moja anakwenda zake.

Bi Risiti alitazama huku na huku.

— Punguza sauti wewe. Watatuletea ankara ya kivuli.

— Watulipe wao, alisema Kinyozi. Nani anaushikilia ukuta? Migongo minne hii ikiondoka leo, kesho matofali yako barabarani. Mimi naona tuandike kwamba kijiwe hakidaiwi, kijiwe kinadai.

Hapo Brashi alicheka kicheko cha kweli, mpaka akafuta macho. Aliwapenda watu hawa. Mwaka aliofiwa na kaka yake walihamishia chupa na vikombe uani kwake wiki nzima ili asikae peke yake, na hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo tena. Angeweza kuwaambia lolote, isipokuwa hili la kaptula.

Bi Risiti aliitikisa chupa. Ilitoa mlio wa kikombe kimoja. Ilikuwa saa nne kasorobo.

— Hiki tusidanganyane, ni cha Brashi, alisema akimimina. Maneno ni yake, hoja ni yake. Funga, mwenzetu, uandike, kila mtu atie sahihi.

Karatasi ilikuwa tayari juu ya paja lake. Jana yake alikwisha andika mstari wa kwanza kwa herufi zake za vibao: *Sisi tunaoegemea ukuta wa bwawa, baada ya kujadiliana, tumeamua kwamba.* Pakabaki peupe. Alishika kikombe kwa mkono mmoja na kalamu kwa mkono mwingine, na kote kuwili akaona kuzito.

Ndipo alipotokea mwanamke mmoja kwenye kona, amemshika mzee kiwiko. Mzee alikuwa akiuburuta mguu wa kushoto, na kila baada ya hatua chache wote wawili walisimama kana kwamba wanatazama madirisha.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahanini kwa usumbufu. Huyu ni baba yangu, daktari amemwagiza aje kwenye maji. Hapo dukani nimeambiwa niwaulize nyinyi, kwamba habari za bwawa mnazijua zote. Kwa wazee linafunguliwa saa ngapi?

Injinia, aliyejua maji yalikotoka, alikuna kisogo. Kinyozi alilitazama duka lake kana kwamba mteja ameingia. Bi Risiti alianza kupekua mkoba, na kama kungekuwa na risiti yenye saa za bwawa angeitoa.

— Tumekaa hapa miaka kumi na moja, alisema Injinia kwa unyonge. Ila kitaalamu, tumekaa nje.

Mzee alikuwa ameshaegemea ukuta, anahema. Binti yake akamshika tena kiwiko.

— Basi, baba, turudi. Tumeshazunguka mara mbili hata lango hatulioni. Mara ya tatu hutaiweza.

Mzee hakubisha. Alitazama mguu wake tu, na Brashi akaijua namna ile ya kutazama. Mtu huutazama hivyo mguu wake anapokuwa ameshaanza kuuaga.

— Saa nne kamili, alisema Brashi, akiwa anakiambia kikombe.

Alidhani yataishia hapo. Mtama ukishaanza kumwagika haudakiki.

— Lango ni la kijani, mtaa wa pili. Limejificha baada ya duka la rangi, kila mtu hulipita. Mkiingia msishuke ngazi ya kushoto, inateleza. Ya kulia ina vyuma vya kushikia. Maji ya asubuhi yana ubaridi, mzee mwenzangu, lakini usikimbie. Ukifika hatua ya tatu mwili unatulia. Wala huogelei. Unatembea tu, unakwenda na kurudi, na mguu unakuwa mwepesi mpaka unaona kama umeazimwa.

Nyuma ya ukuta mtu alitumbukia majini.

— Brashi, alisema Bi Risiti polepole. Hatua ya tatu umeijuaje?

Brashi aliweka kikombe kwenye benchi bila kukionja, akainama, akauvuta mfuko. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

— Nyonga, alisema. Huu mwezi wa pili. Hakuna fundi saa.

— Na humo kwenye mfuko?

— Taulo na kaptula. Kinyozi, kaptula ina maua. Mekundu. Sema unavyotaka.

Kinyozi alifungua mdomo, akamtazama mzee aliyeegemea ukuta, akaufunga.

— Na yale maneno yako? aliuliza Injinia. Ya kulowa na mfuko?

— Nilikuwa bado mkavu nilipoyasema.

Akamlazia Bi Risiti karatasi mapajani, pamoja na barua ya halmashauri.

— Hoja siwezi kuifunga. Mniwie radhi. Na ukurasa wa pili usomeni, mimi niliukalia.

Kisha akampa yule mzee kiwiko chake, upande wa mguu mbovu, wakaondoka watatu. Mpaka kwenye kona Brashi hakugeuka. Aliona aibu kama mtu aliyevuliwa shati sokoni, na katikati ya aibu hiyo akashangaa kuona kifua chake ni chepesi.

Majini, mzee alishika chuma cha ngazi ya kulia na kushuka. Kwenye hatua ya kwanza aliguna, kwenye ya pili akataka kurudi. Kwenye ya tatu akasema, "Kweli." Wakatembea bega kwa bega, kwenda na kurudi, na maua mekundu yakipepea chini ya maji. Brashi kila akifika ukuta wa nyuma alitega sikio. Siku zote alizotembea hapo aliwasikia wenzake wakibishana upande wa pili, na ndiyo iliyokuwa burudani yake. Leo hapakuwa na sauti hata ya mtu kukohoa. Akawaza kwamba kesho itambidi atafute ukuta mwingine wa kuegemea, na katika umri wake hakujua aanzie wapi.

Aliagana na mzee na binti yake langoni, akatoka saa tano kasoro dakika chache, nywele zinachuruzika, taulo shingoni mbele ya macho ya mtaa mzima. Wenzake wote watatu walikuwa bado wamekaa kwenye benchi. Tarishi wa halmashauri, mama mmoja mwenye haraka zake, alikuwa amesimama na baiskeli mkononi. Kikombe cha mwisho kilikuwa palepale alipokiacha, kimejaa na kimepoa, na chini yake iliwekwa karatasi.

— Hatukukigusa, alisema Bi Risiti. Neno la mwisho tu ndilo tumeliazima.

Brashi aliivuta karatasi. Chini ya mstari wake, kwa mwandiko wa posta uliolalia upande, paliandikwa: *Tulipe wote. Mwenzetu yumo ndani.* Zilifuata sahihi tatu, na ya Bi Risiti ndiyo ilikuwa ya kwanza. Ya nne iliachiwa nafasi.

Alisoma mara mbili.

— Wazee, alisema tarishi, bado nina mitaa sita.

Brashi alishika kalamu akatia sahihi. Tone lilitoka kwenye nywele likaangukia jina lake, wino ukatawanyika. Miaka arobaini ya vibao, na hakuna herufi yake iliyowahi kuchuruzika.

— Imechafuka, alisema tarishi. Niwape karatasi nyingine muandike upya?

— Usijisumbue, alisema Bi Risiti, akamsogezea Brashi kikombe chake. Ipeleke hivyohivyo ilivyolowa.