Kandambili Moja kwa Nyundo Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ila kwanza, hebu kila mmoja atazame miguuni mwake. Kandambili zipo zote mbili? Kama zipo, basi hukuwahi kupanga nyumba moja na Mama Nyundo.

Tunamkumbuka Mama Nyundo. Mpiga pasi wa duka la dobi, mpangaji wa chumba cha kwanza ukiingia getini. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Mimi nilipanga kile cha mwisho, kilichopakana na choo, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Mpangaji, wapendwa, huhama na godoro, ndoo na sufuria. Nyundo nani anaikumbuka? Unafika, bawaba ya mlango imelegea, bomba linadondosha, pazia huna pa kulitundika. Mimi niligonga msumari kwa kisigino cha kiatu. Msumari ukapinda, kisigino kikang'oka.

Mama Nyundo ndiye aliyekuwa na vifaa. Aliviweka kwenye ndoo kuukuu ya rangi: bisibisi, koleo, spana, futi ya kupimia, kopo la misumari iliyonyooshwa. Na nyundo, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Nyundo hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, seremala. Hakuacha shamba wala kiwanja. Aliacha binti mmoja na nyundo moja.

Nyumba nzima tuliazima. Lakini ukitaka kifaa, unaacha kandambili ya kushoto. Ya kushoto, wapendwa!

"Sasa mama, nitatembeaje?" niliuliza.

"Rukaruka, mwanangu. Ndiyo utakumbuka kurudisha."

Basi ungeona baba mzima, ana masharubu, anaruka kwenda bombani, na watu wanamzomea: "Shemeji! Nyundo iko kwako?"

"Nikimaliza nakupa!"

"Humpi mtu!" sauti inatoka chumba cha kwanza. "Inarudi kwangu kwanza!"

Mtu mmoja tu aliichukia ndoo ile. Baba mwenye nyumba. "Ukuta wangu si chujio!" alikuwa akifoka, huku akipapasa kuta kama daktari. Mama Nyundo akatufundisha kuziba matundu siku ya kuhama. "Sabuni ya mche, mwanangu. Ukuta mweupe, sabuni nyeupe, na uso usiocheka."

Baada ya mazishi, binti yake, muuguzi, alikuja kuhamisha vitu.

"Vyombo gawaneni," alisema. "Mimi nipeni nyundo tu. Baba nilimjua kwa ile nyundo. Sina kitu kingine alichokishika."

Akaipindua ndoo. Bisibisi ipo. Koleo lipo. Nyundo hamna.

Tukatazamana miguu. Wote tumevaa kamili.

Binti akainama chini ya kitanda, mahali mama yake alipoweka rehani zake. Akatoa kiatu. Cha ngozi, cheusi, kinang'aa. Cha kushoto. Hakuna mpangaji aliyewahi kumiliki kiatu kama kile.

Tukiwa bado tumeduwaa, baba mwenye nyumba akaingia getini. Juu suti, chini kandambili. Mkononi ana kitu amekifunga kwa gazeti.

"Kitanda chetu kililegea," alimwambia binti, macho chini. "Nikaja kuazima. Nikasema, hata mimi mwenye nyumba niache kiatu? Akaniambia, 'Baba, ukuta ni wako, nyundo ni yangu. Vua.'"

Tulicheka huku tunalia.

"Niliona haya kuirudisha mbele yenu," akaendelea. "Nikawa nasubiri siku ambayo hamtaniona. Yeye hakuningoja."

Binti alifungua gazeti. Akaubana ule mpini wenye mpira. Kisha akarudisha kiatu kwa mwenyewe. Akachukua picha ya mama yake, akatoka nayo ukumbini, akautazama ukuta. Halafu akamtazama mwenye ukuta.

Mzee yule akachagua msumari kwenye kopo, akaushikilia mwenyewe ukutani.

"Gonga, mwanangu. Vidole vyangu tu unihurumie."

Picha ikakaa. Chini yake binti akaiweka ndoo, iwe ya nyumba nzima. Nyundo akaitia kwenye mkoba wake. Kisha akavua kiatu chake cha kushoto, akakitumbukiza ndoani, akaondoka akirukaruka hadi getini.

Pole kwako, dada yetu muuguzi. Pole kwa wapangaji wenzangu wote, na kwako pia, baba mwenye nyumba. Mama Nyundo apumzike salama.

Nawe unayenisikiliza, hebu angalia kabatini, angalia chini ya kitanda. Kuna kifaa cha jirani hapo? Kirudishe leo, mchana kweupe, mwenyewe angali na pumzi ya kukucheka.