Fundi Saa na Visu Visivyotengenezwa Tena

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, simama pembeni kidogo. Leo nina habari za mtu ambaye wengi wenu mnamjua, na wengi wenu mnamjua vibaya. Mimi nikiwemo.

Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka sitini na minane. Alikuwa fundi saa. Kwa miaka kumi na tisa ya mwisho mtaa mzima ulimwita Mzee Kisu, kwa sababu alifungwa jela kwa ajili ya kisu. Hayo mnayajua. Nitakayoyasema leo hamyajui, na nimepewa ruhusa na familia kuyasema. Narudia: nimepewa ruhusa na familia.

Tuanze na kazi yake. Kibanda chake kilikuwa na upana wa meza moja, kati ya duka la vitambaa na ngazi za jengo la ofisi. Alikaa humo tangu akiwa kijana, kioo kimembana jichoni, kibano mkononi, akiokota skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Mteja akilalamika kwamba amecheleweshewa kazi, alijibiwa, "Saa yenyewe imesimama, wewe haraka umeipata wapi?" Mteja anacheka. Kesho anarudi tena.

Visu vilimjia kwa bahati tu. Siku moja mpima ardhi mmoja mstaafu alimletea kisu kikubwa cha mtindo wa kijeshi, vile vya mtu aliyepotea porini. Ubapa mweusi, meno ya msumeno mgongoni, na kwenye kifuniko cha mpini pana dira ndogo. Dira ilikuwa imekwama. "Ukiweza saa, na hii utaiweza," akamwambia. Fundi akafungua kile kifuniko. Mpini ulikuwa na uwazi ndani. Humo mlikuwa na viberiti, sindano, uzi, ndoana ya samaki na plasta moja, vyote vimekunjwa kama mtoto tumboni.

Mkewe anakumbuka alivyorudi nyumbani siku ile. "Aliniambia, 'Mama, aliyebuni kitu hiki alikaa chini akajiuliza: mtu yuko peke yake, amepotea, anahitaji nini?' Nikamwambia, anahitaji kuuliza njia. Akanuna mpaka asubuhi."

Dira ilipona. Lakini mpima ardhi alimwambia neno lililomkaa. Kiwanda kilichotengeneza kisu kile kilikuwa kimeacha kukitengeneza, na hakitakitengeneza tena. Akamwachia kisu. Tangu hapo Fundi alianza kuvitafuta vya namna hiyo. Vipya hakuvitaka. Alitaka vile tu ambavyo viwanda vimeshaviacha. Aliandikia watu wa mbali barua. Alibadilishana nao, saa kwa kisu, kisu kwa kisu. Kifurushi kimoja kilimfikia baada ya miezi saba, na siku hiyo alifunga kibanda saa nne asubuhi.

Vilifika thelathini na moja. Narudia: visu thelathini na moja, ndani ya kabati la kioo sebuleni, kila kimoja na ala yake na namba yake. Kabati lilikuwa na kufuli. Na sheria ilikuwa moja: havikati kitu. Mkewe anasema, "Nyumba ina visu thelathini na moja, nami nahangaika na kitunguu kwa kisu butu. Niliwahi kumwambia, hata hao waliopotea porini wanakula."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Tunafika Jumamosi ile.

Fundi alikuwa na mdogo wake, tumbo moja. Huyu alikuwa mchomeleaji katika karakana ya mageti na madirisha, mitaa mitatu kutoka hapo. Wiki ile alikuwa amefukuzwa kazi. Nyaya za shaba zilipotea, na msimamizi wa karakana akamwita mwizi mbele ya wafanyakazi wote. Akampekua mfuko wake wa chakula, akaumwaga chini. Mdogo mtu alikuwa na mke mjamzito na mtoto wa miaka miwili. Siku nne alikuja kukaa sebuleni kwa kaka yake bila kusema neno. Asubuhi ya Jumamosi alisema moja tu: "Yule bwana leo tutaelewana." Fundi alidhani ni maneno ya mtu mwenye uchungu. Akaenda kazini.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Fundi alivipangusa visu vyake kwa kitambaa chenye mafuta. Siku hiyo alifika kwenye kabati akakuta kufuli liko wazi. Kwenye mkono wa kiti palikuwa na glavu za kuchomelea. Akahesabu. Namba kumi na saba haikuwepo. Ala ilikuwepo. Kisu hakikuwepo.

Mkewe alikuwa uani anaanika nguo. "Nilimsikia akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. 'Shemeji yako yuko wapi?' Nikasema, alikuwa hapo sasa hivi. Nilipoingia ndani, mlango wa mbele ulikuwa unabembea na mume wangu hayupo. Viatu vyake viko pale pale."

Alikwenda peku. Mtu wa miaka arobaini na tisa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia mitaa mitatu mchana ule. Mlinzi wa geti la karakana alimtania, "Fundi, umekuja kuchukua saa yangu?" Hakujibu salamu. Alipita. Kumbukeni hilo, kwa sababu mahakama ililikumbuka.

Jumamosi karakana ilifungwa mchana. Mashine zilikuwa zimezimwa na wafanyakazi wameondoka. Alibaki msimamizi peke yake, ndani ya ofisi yake ya vioo, ameupa mlango mgongo, anaongea na simu. Na nyuma ya rundo la mabati, hatua kumi kutoka mlango wa ofisi ile, alikuwa amesimama mdogo mtu. Aliingilia mlango wa pembeni. Komeo la mlango ule alilichomelea yeye mwenyewe, alijua linavyofunguka. Kisu namba kumi na saba kilikuwa mkononi.

Haya ya ndani ya karakana nimeambiwa na mdogo mtu mwenyewe. Alikaa kwenye kiti hiki mbele yangu, Alhamisi. Naomba tumsikilize kwa maneno yake.

"Nilikuwa nasubiri akate simu. Kaka akatokea upande wangu wa kulia. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama anavyosema na mteja: 'Nipe.' Nikamwambia, kaka, ondoka, hayakuhusu. Akasema, 'Hicho ni changu. Nipe changu.' Nikasikia msimamizi anaaga kwenye simu. Nikapiga hatua. Kaka akakishika. Hakushika mkono wangu. Alikishika kisu, upande wa makali, kwa kiganja. Nikavuta. Hakuachia. Nikavuta tena. Nikasikia kitu kinakatika, na bado hakuachia. Tulikuwa tunaangaliana. Damu inatiririka kwenye viatu vyangu, na yeye ananiangalia tu. Akasema, 'Toka ulikoingilia. Usigeuke nyuma.' Mimi ndiye niliyeachia."

Alitoka. Hakugeuka nyuma.

Msimamizi akafungua mlango wa ofisi. Alichokiona ni hiki: kaka wa mtu aliyemfukuza, peku, anatweta, ameshika kisu cha kijeshi, damu kila mahali. Alipiga ukelele uliomfikia mlinzi getini. Mngekuwa ninyi mngefikiri nini?

Polisi walimuuliza Fundi kisu ni cha nani. "Ni changu." Hilo lilikuwa kweli. Wakamuuliza alikuja na nani. Akanyamaza. Wakaenda nyumbani kwake, wakakuta kabati. Visu thelathini vingine viliingizwa kwenye gunia mbele ya majirani. Mkewe anasema kabla askari hawajaingia, aliziona zile glavu kwenye kiti, akazitia chini ya nguo mbichi ndani ya beseni. "Hakuna aliyeniambia kitu. Lakini nilijua. Kujua na kuambiwa si kitu kimoja. Nilisubiri aniambie. Hakuniambia. Miezi miwili sikwenda kumwona jela, kwa hasira."

Mahakamani mlinzi alisema ukweli wake: alimwona Fundi akiingia mbio, hasalimii. Msimamizi alisema ukweli wake. Fundi hakubisha. Alifungwa miezi kumi na minne kwa kosa la kutishia kuua. Narudia: miezi kumi na minne, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Wiki ya tatu mdogo mtu alikwenda kumwona jela. Alikwenda amejiandaa kujisalimisha. Walikaa wakitenganishwa na wavu, askari amesimama karibu, kwa hiyo waliongea kwa mafumbo. Kaka akainua mkono uliofungwa bendeji. Kano mbili zilikuwa zimekatika, za kidole cha shahada na cha kati. "Ukifungua mdomo," akamwambia, "kidonda hiki nitakuwa nimekipata bure. Nenda ukalee. Nikiwa hai, usiseme." Mdogo mtu akahama mji, akawa dereva wa malori. Watoto wake wawili wamesoma.

Fundi alitoka jela na mkono usioweza kushika kibano. Fundi saa asiye na kidole cha shahada na cha kati ni sawa na mwimbaji aliyekauka koo. Visu alirudishiwa gunia zima, vyote isipokuwa kile kimoja, vimeshika kutu. Alivisafisha kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, mwaka mzima. Watu tulimwona dirishani akisugua, tukasema, mnaona, hajakoma.

Kibanda hakukifunga. Binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule, alikaa kwenye kile kiti badala yake. "Baba alikaa nyuma yangu," anasema. "Yeye anasema, mimi nafanya. 'Legeza. Usilazimishe. Subiri.' Mwaka wa kwanza niliharibu saa nne, na kila aliyekuja kufoka baba alimwambia, 'Nimeharibu mimi.' Mpaka leo sijui kama nilijifunza kazi au nilijifunza kuogopa kumwaibisha."

Wateja wengine walirudi. Wengine waliuliza kwanza mlangoni, "Mzee Kisu yupo?" Akiwepo, hawaingii.

Sasa nifike siku ya maziko. Mdogo mtu alisafiri siku nzima kwa lori, akafika jeneza liko sebuleni. Alisubiri watu wakae. Kisha akasimama mbele ya kabati la visu, akasema yote, kama nilivyowasimulia. Mjane alikuwa wa kwanza kusema. "Umechelewa, shemeji," akamwambia. "Lakini kaa. Kaa hapa karibu yangu." Halafu, kutoka nyuma karibu na mlango, ikasikika sauti ya mzee mmoja anayetembelea mkongojo. Ilikuwa ya yule msimamizi wa karakana.

Mdogo mtu aligeuka. Binti ananiambia aliona mkono wa baba yake mdogo ukifunga ngumi, na yeye akajikuta amesimama katikati yao bila kujua alifikaje.

Mzee akasema, "Zile nyaya zilipatikana. Wiki ya pili. Zilikuwa nyuma ya mitungi ya gesi. Niliona haya, nikanyamaza. Nilikuja kumzika mtu niliyedhani alitaka kuniua, nikasema nimsamehe. Kumbe mimi ndiye ninayeishi kwa mkono wake."

Ngumi ilifunguka. Hawakukumbatiana, wasikilizaji, nisiwadanganye. Mdogo mtu alimvutia yule mzee kiti, yeye mwenyewe akatoka nje akalia. Lakini jeneza walilibeba wote wawili, mmoja mbele, mwingine ameweka mkono tu kwa sababu ya mkongojo.

Jumatatu mdogo mtu alikwenda kituo cha polisi akaandikisha maelezo yake. Wamemwambia asubiri kuitwa. Anasubiri. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema, "Nimeogopa miaka kumi na tisa. Hii ya sasa ni ndogo."

Kwa mjane, kwa binti, kwa mdogo mtu na watoto wake: poleni sana. Sisi wa kituo hiki tunaomboleza nanyi. Mungu awape subira, na marehemu ampumzishe pema.

Na kwetu sisi tuliobaki, nina ombi. Nalianzia kwangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipita kwenye kile kibanda na wanangu, na kila tukikikaribia niliwavusha upande wa pili wa barabara. Yeye aliniona. Kila mara aliniona, na kila mara aliinua ule mkono mbovu akanisalimu. Sikuwahi kumwitikia. Fikirini leo mnamvukia nani barabara. Kama bado yuko hai, bado mna muda. Mimi sina.

Alikuwa fundi saa. Alikusanya visu ambavyo hakuna anayevitengeneza tena. Hakumtishia mtu yeyote. Narudia, wasikilizaji wapendwa: hakumtishia mtu yeyote.