Farasi Jike Aliyeitwa Adui wa Mapinduzi

Miaka ile ya Zaire, pale Alunguli penye kahawa ya Mama Aziza, salongo, kazi ya lazima ya serikali, ilikuwa imekwisha na benchi limejaa, majembe yamelala miguuni pa wenyewe. Amuri, mtunza farasi wa serikali, hakushika kikombe. Alishika kamba, na mwisho wa kamba farasi jike akitafuna majani ya mahindi. Komisere, mkubwa wa serikali pale, alikuwa ameamuru auawe kabla ya jua kuzama, kwa kosa la kukaa miaka miwili bila kuzaa. Alimwita adui wa mapinduzi. Adui! Mnyama aliyembeba yeye na tumbo lake kwenye kila gwaride! Amuri alimlea tangu aliposhushwa kwenye treni.

— Vétérinaire, ule daktari wa wanyama, alisema nini? aliuliza Bakari, waliyemwita Docteur kwa sababu aliwahi kufagia dispensari.

— Alisema juu ya kila figo iko katezi kadogo, Amuri akajibu. Kanatia dawa katika damu: ingine ya woga, ingine kidogo ya kiume, hata kwa jike. Na mwilini iko kama vitasa, dawa njo ufunguo. Lakini bila kupima damu, muntu hawezi kujua kitu.

— Bon! Vitasa vimeshika kutu, Docteur akasema. Mvua ya huku! Mumutie mawese.

— Kutu gani? akadakia Hamadi, ambaye benchi lilimwita Redio. Anasikia ngoma za animation, za kusifu chama, kila asubuhi, tezi imevimba, sasa anajiona mwanaume. Kesho ataomba kadi ya chama! Penye wengi hapaharibiki neno, njo maana figo ni mbili.

— Uongo, Mama Aziza akasema akimimina. Ni ile ya woga. Kiumbe akiogopa kila siku, tezi inachoka. Hata sisi, watupime!

Watu wakatazama njia, kama hapiti mtu wa Komisere. Mama Aziza hakutazama popote.

— Punguza sauti, mama, Docteur akanong'ona. Mdomo uliponza kichwa.

Hapo Victorine, mgeni kutoka Kampene, akatua kikapu chake cha karanga, akaomba kahawa, akamkagua yule farasi.

— Samahani, wababa. Munasema hazai. Dume yake iko wapi?

Dume alikufa kwa homa ya mbung'o mwaka ule wa kwanza. Lakini Komisere hakupenda habari mbaya. Alitangaza kwamba dume yu mzima, na kila sikukuu mji ulipigia makofi farasi wawili, ingawa alipita mmoja tu. Kumjibu mgeni kulikuwa kumwita mkubwa mwongo. Docteur alichungulia kikombe kitupu. Redio akaanza kuhesabu karanga kikapuni.

Amuri ndiye aliyemchimbia kaburi yule dume, kisha akapiga makofi pamoja na wenzake. Alijizungushia kamba kiganjani, akasimama.

— Unaenda wapi, ndeko, ndugu yangu? Docteur akauliza.

— Kwa Komisere, na farasi wangu. Nitamuuliza mbele ya watu, vile huyu mama ameuliza.

— Atakufunga!

— Anifunge. Lakini kwanza anionyeshe dume.

— Kahawa imekwisha, Mama Aziza akasema. Birika lilikuwa bado zito. Akalifunika, akaokota jembe lake, akamfuata.